Koti kwenye Msumari

Baguio, 2 Machi 1997

Dada Fermina,

Usishtuke kuona bahasha nene. Hakuna aliyekufa, wala siombi kitu. Zilizomo ni picha, na safari hii si za maharusi wala za vitambulisho. Mdogo wako amepata kazi ya maana. Watu wa makumbusho ya mkoa wanataka mgodi wetu wa Ampangdan upigwe picha wote, ndani na nje, kabla wenye mali hawajaziba midomo ya mahandaki kwa zege. Wameniita mimi. Najua unacheka. Cheka tu, ila ukimaliza uzitazame.

Nilikwenda peke yangu, hakuna aliyekubali kunisindikiza. Kambi imekuwa kichaka. Nyumba yetu ya zamani imebaki sakafu, pamoja na lile beseni la zege ulilokuwa ukinisugulia kama sufuria iliyoungua. Kinu cha kusagia mawe bado kimesimama, kutu tupu, miti imepenya hadi juu. Ofisi ya malipo haina paa. Nilisimama kwenye dirisha ambalo baba alikuwa akipangia foleni, nikaona haya kidogo, maana sikumbuki hata siku moja niliyompelekea chakula kazini. Wewe na Kaka Basilio ndio mliokuwa mkienda.

Picha ya tatu ndiyo ninayojivunia. Hilo ni handaki la chini, lile la karibu na mto. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, na ukienda mbele kidogo paa limeporomoka, hakuna njia. Hapo nje ya maporomoko kuna koti la mchimbaji limetundikwa kwenye msumari, utadhani mwenyewe kaingia zamu na atalichukua akitoka. Nikalipiga. Kisha likawa linaniziba mwanga, nikalishusha, nikalitandika penye kokoto na kulipigia magoti kwa picha zote zilizofuata. Kokoto za mle zinakata, Dada, na kamera yenyewe inataka utulie usipumue. Kwa hiyo aliyeliacha pale, popote alipo, namshukuru. Magoti yangu ni mazima.

Sasa la nyumbani. Mama anaota tena. Baba ni yuleyule, amempa mgongo, miguu imo majini, anasema anasikia baridi. Mwaka juzi tulifungua kaburi, tukaisafisha mifupa, tukamfunga blanketi jipya ulilolituma mwenyewe, nguruwe akachinjwa, na kijiji kizima kikaondoka na nyama yake mkononi. Akatulia kidogo, sasa ameanza upya. Mama anataka tumfungue mara ya pili, na unajua watoto wote lazima wakubali. Mimi nimekubali. Kubali na wewe. Huyo wa tatu, Kaka Basilio, tutamuuliza wapi? Miaka yote hii yuko melini ananenepa, hata kadi ya Krismasi hatumi. Akirudi nitampa ukweli wake mbele za watu.

Ni mimi msanii wenu,
Osmundo


Hong Kong, 16 Machi 1997

Mdogo wangu Osmundo,

Naandika nikiwa nimekaa chini juu ya boksi lililokunjuliwa, Jumapili yetu ya mapumziko, watumishi wenzangu wa majumbani wamenizunguka na vyakula vyao. Bahasha ilifika katikati ya wiki, nikajizuia nisiifungue mpaka leo ili nijisifu vizuri. Na nimejisifu kwelikweli. Nimewaonyesha kinu, nimewaonyesha dirisha la malipo, nikawaambia huyu ndiye yule mtoto aliyekuwa akilia akisikia baruti. Mama mmoja wa Bontoc akasema una jicho. Nikamwambia jicho analo, akili ndiyo tunaisubiri.

Kisha nikazirudisha kwenye bahasha.

Osmundo, kuna mambo nataka unifanyie, na naomba usibishane nami kama kawaida yako. Ile picha ya tatu, usimwonyeshe mama. Kama umeshaitundika mahali, iondoe. Kisha ikuze sehemu ya koti tu, mkono wa kushoto, kwenye kiwiko, uniletee kubwa kadiri karatasi inavyoruhusu. Halafu mkalishe mama, umuulize kwa upole yule mtu wa kwenye ndoto amevaa nini, na anamwitaje. Uniandikie maneno yake mwenyewe, usiyapambe.

Kuhusu kaburi la baba, subirini. Sijakataa. Subirini tu mpaka nikuandikie tena.

Nilifikiria kupiga simu pale kwenye duka la mikate, lakini wewe ungeitikia kwa kupiga kelele na nusu ya mtaa ingesikia. Usiniulize kwa nini. Fanya haraka.

Dada yako,
Fermina


Baguio, 27 Machi 1997

Dada,

Barua yako imenikera, na afadhali nikuambie kuliko kuimeza. Nimepata kazi ya kwanza ya maana maishani, wewe unaniambia niiondoe picha ukutani na nisimwonyeshe mama yangu. Halafu "subirini". Uko huko mbali, hukeshi naye wewe. Kama ni ugumu wa kununua nguruwe, ungesema, hapa hatulazimishani.

Hata hivyo barua imechelewa. Tulishamfungua baba. Mama alikuwa hali wala halali, nikasema Dada atanisamehe. Na nikuambie kitu ambacho sijakizoea kusema, nilitoka pale nimefadhaika. Mifupa ilikuwa mikavu, Dada. Blanketi lako ni kama lilitoka dukani jana, hata harufu ya unyevu hakuna. Wazee walitazamana. Nguruwe alipopasuliwa, yule bibi anayetusomea habari za wafu kwenye nyongo aliishika kiganjani muda mrefu, kisha akasema, "Huyu amelala vizuri. Mnamsumbua bure." Mama akaja juu, akamwambia yeye ndiye anayeota, nyongo haioti. Watu wakala upesi wakaondoka, hata pombe ya mchele ikabaki.

Haya, maswali yako. Nimemuuliza, na haya ndiyo maneno yake: "Amenipa mgongo. Amevaa koti lake la mgodini. Maji yako hapa, juu ya kifundo. Anasema, Mama, baridi." Sasa ulitaka amwiteje? Baba alimwita hivyo siku zote, kama kila mume hapa anavyomwita mama wa wanawe.

Ila tangu nitoke Ampangdan ndoto imebadilika kidogo. Anasema sasa hana hata koti. Anamwona mabega tu, anatetemeka. Nilimwambia kwa utani, labda kalipeleka kwa fundi. Hakucheka.

Kipande ulichotaka nimekikuza, kimo humu. Sijui unatafuta nini kwenye kiwiko cha koti bovu. Lenyewe nimeliacha palepale kwenye tope, lilishalowa. Wale wa zege wanaanza baada ya Pasaka na wanataka kumaliza kabla ya mvua, kwa sababu wachimbaji wa kuvizia wanaingia na kufia mle. Mimi picha zangu nimeshazikabidhi. Zimependwa, kama bado inakuhusu.

Osmundo


Hong Kong, 6 Aprili 1997

Osmundo mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Funga mlango wa studio.

Kiraka kile kwenye kiwiko ni changu. Ni kitambaa chekundu cha mwavuli uliovunjika, nilikishona kwa uzi wa gunia la mchele kwa sababu mwingine haukuwepo. Nilikishona baba akiwa hai. Makoti ya kampuni yalikuwa mamoja kwa wote, ndiyo maana hukulijua, lakini kiraka hicho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Lile koti ni la baba, na baba hakufa nalo.

Unakumbuka baba alipokufa mama alilifungia sandukuni, akasema lisivaliwe na mtu. Asubuhi ile Kaka Basilio alipoondoka kwenda Manila kutafuta kazi ya meli, mvua ilikuwa inamwagika. Wewe ulikuwa umesharudi mjini, mama yuko bustanini. Kaka alikuwa na shati tu. Nikafungua sanduku, nikampa, nikamwambia alivae mpaka Manila kisha alirudishe kwa mtu yeyote anayekuja huku. Nikamuuliza nauli anayo? Akacheka, akasema, "Pungufu kidogo, nitaipata njiani." Nikadhani ataazima kwa rafiki. Osmundo, njia yenyewe kumbe ilikuwa ile ya mtoni. Aliingia kuvizia mawe machache ya dhahabu auze, apande basi. Lile tetemeko la mwaka tisini lilikuja alasiri ileile.

Baada ya pale nyumba iliporomoka, sanduku likaenda na udongo, na mama akaamini koti limekwenda nalo. Nikaona nina haja gani ya kumwambia nilimwibia. Lilikuwa koti tu. Tulisoma orodha ya waliokufa mjini, jina la Kaka hatukuliona, na tukamchinjia Mungu nguruwe wa shukrani. Nakumbuka nilivyocheka siku ile. Tulikuwa tunakula na yeye yuko pale chini, mwendo wa muda wa kupika chungu cha wali.

Ningesema tu. Kabla mama hajaanza kuota mtu mwenye koti, ningesema Mama, koti analo Basilio. Asingehangaika na kaburi la baba hata siku moja, maana yeye hukosea tu akipewa nusu ya jambo. Mimi ndiye niliyekaa na hiyo nusu.

Najua na wewe utakumbuka yale maneno uliyomwambia mezani usiku wa kuamkia safari, kwamba mwanamume mzima aliyeachishwa kazi asikwangue chungu cha mama yake. Usijimalize kwa hilo. Ulikuwa kijana mwenye mdomo, na yeye alijua.

Nenda Ampangdan. Nenda leo ukiweza, kabla ya zege. Liokote lile koti. Mwite jina lake pale mlangoni, mwambie aje nyumbani, sauti ya ndugu ndiyo anayoifuata. Kisha mwambie mama. Sina wa kumtuma zaidi yako.

Fermina


Nyumbani, 19 Aprili 1997

Dada,

Barua yako ilifika jana. Niliisoma nimesimama, kisha nikamwambia bibi harusi aliyekuwa mbele ya kamera arudi siku nyingine. Alikasirika sana.

Nilifika Ampangdan wakiwa wameshapanga mbao za zege kwenye mdomo wa handaki. Msimamizi wao alikuwa Mvisaya mmoja mkali, mtu wa visiwa vya kusini, akaniambia hapaingiwi. Nikamwambia ndugu yangu yumo. Akanitazama, akavua kofia yake ngumu, akanivika. Mafundi wakaacha mashine ya kuchanganyia, hata redio wakaizima.

Koti lilikuwa palepale nilipoliacha. Nilitia mkono majini nikalitoa. Nikaenda hadi kwenye maporomoko, nikashika mawe. Ni makubwa, Dada, hayaondoki hata kwa watu wa kijiji kizima. Nikamwita. Mara ya kwanza nikamwita Basilio. Mara ya pili nikamwita kwa jina lake la utotoni, nikamwambia, "Kaka, twende nyumbani, mama amepika." Nikamwambia na lile la chungu, kwamba nilikuwa mjinga, kwamba akwangue chungu chochote anachotaka. Nililia mpaka wale mafundi wakaja na taa kunitazama. Nikatoka nimelikumbatia koti, na nyuma yangu sikusikia kitu zaidi ya maji.

Lakini kuna jambo siwezi kulimaliza. Katika barua yako hukuligusa, na najua uliliona, kwa sababu niliandika mwenyewe tena kwa kujisifu. Nililishusha. Kaka alilitundika ili likauke, alitegemea kulivaa akitoka. Mimi nikamvua. Nikalitia topeni, nikalipigia magoti kama gunia, nikapiga picha za mawe yaliyomlalia, na nilipomaliza nikaliacha. Ndiyo usiku mama alioanza kumwona mabega matupu. Na mimi nikamfanyia mzaha wa fundi.

Mama nimemwambia leo mchana. Nilipanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamfungulia koti mapajani. Alishika kiraka. Akafuata mshono wake kwa kidole, akaniuliza, "Ni Fermina aliyempa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alifanya vizuri, mvua ilikuwa kubwa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimemwambia nililiokota majini chini ya msumari wake, ila habari ya magoti sijamwambia. Sasa hivi yuko nje bombani, analifua, hataki mtu amsaidie. Namsikia akilisugua. Niambie, nimwambie au ninyamaze?

Osmundo


Hong Kong, 27 Aprili 1997

Osmundo,

Nimelia mpaka bosi wangu, ambaye hana desturi ya kuniuliza kitu, ameniuliza. Ati hukumwambia, "Nimekula"? Ungemwambia umekula.

Alifanya vizuri, mvua ilikuwa kubwa. Maneno hayo nimeyaandika nyuma ya mlango wa chumba changu.

Mwambie kuhusu magoti. Najua inauma. Lakini tazama ukimya wangu ulivyotufikisha. Nilinyamazia koti, baba akafukuliwa mara mbili. Tusianze tena. Mama atakukasirikia siku moja, kisha atakuchapa kwa mwiko, kisha atakupa chakula. Mwambie, mdogo wangu. Hukujua. Kutojua si kosa, ila kuficha tumeshakuona kunavyozaa.

Nimetuma blanketi, lile la mistari ya wazaliwa wa kwanza. Litawafikia kwa mtu anayerudi wiki hii. Mlifunge koti humo, mlizike kando ya baba.

Fermina


Nyumbani, 11 Mei 1997

Mwanangu Fermina,

Anayeandika ni Osmundo, mimi nasema. Ananiambia niseme polepole. Leo mkono wake mzito, sijui kwa nini, kijana anayeishi kwa mikono.

Blanketi limefika. Zuri. Jana tumemzika kaka yako. Nguruwe alikuwa mdogo lakini mnono, na yule bibi wa nyongo akaitazama mara moja tu, akasema, "Amefika." Watu wakala, wakaimba, safari hii pombe haikubaki. Hata Mvisaya wa zege alikuja na wenzake, wakanywa kuliko sisi wote.

Baba yako nimemwomba radhi. Nilikaa pale kwenye jiwe lake nikamwambia, nimekuamsha mara mbili kwa ajili ya baridi ya mwanao, na wewe hukuninung'unikia. Sauti zao zilifanana, mgongo wao ulifanana, koti ni hilohilo. Ningekuwa mwangalifu ningejua. Baba yenu hakuwahi kulalamika baridi maisha yake yote.

Wewe usilie tena kwa ajili ya koti. Ungemwacha aende na shati ningekuchapa.

Sasa nisikilize, hili ndilo hasa nililotaka liandikwe. Nilipolifua, tope likatoka lote, lakini mahali pawili mgongoni hapakutoka. Pamesagika, kokoto zimezama mpaka zimetoboa kitambaa. Nikalianika, nikalitazama kwa mbali, nikajua. Ni magoti, mwanangu. Kaka yako alilishusha msumarini, akalitandika, akapiga magoti. Unakumbuka alivyokuwa akikwepa kanisa, nikimvuta sikio? Siku zote tangu nijue nilikuwa najiuliza jambo moja tu, kama mwanangu alikufa kwa hofu, akihangaika gizani kama panya. Kumbe alitulia. Alisali, tena alisali muda mrefu, maana alama zile si za sala fupi. Nimemwonyesha padri, naye akalia.

Osmundo ameacha kuandika. Nimemwambia endelea.

Nimemfanya aipige picha sehemu ile kabla hatujalifunga blanketi, ili na wewe uione. Alikuwa hataki, akasema mwanga mbaya. Nikamwambia umepiga picha za mgodi mzima, utashindwaje na hii. Utaikuta humu ndani. Iweke karibu na kitanda chako.

Simwoti tena. Nalala usiku kucha. Nilidhani nitafurahi tu, lakini asubuhi nyingine naamka namtafuta, maana nilikuwa nimemzoea.

Njoo nyumbani mkataba ukiisha.

Mama yako,
Petronila

Dada, nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya tatu alinitazama, akanipangusa uso kwa kanga yake, akasema, "Usilie, kaka yako alikuwa tayari."

Picha ni hiyo. Goti la kushoto limezama zaidi, ndilo ninaloliegemea nikipiga.

O.